Mikono ya Kidungwe

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, Magreth Lupakisyo alipangusa vumbi kwenye kioo chake kwa kipande cha khanga kuukuu. Nyumba yake ya Mikumi ilikuwa hatua hamsini tu kutoka barabara kuu, na malori ya Zambia hayakuwa na siku ya mapumziko. Vumbi hilo ndilo lililoharibu mlango wa sidii. Mwaka 2003 mlango ulimeza sidii ya kwaya ya usharika, ukajifunga, na tangu hapo haukufunguka tena.

Magreth hakuhangaika kutafuta mwingine. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge kwa miaka kumi na sita, hadi shamba lilipobinafsishwa na yeye kupunguzwa kazi, na alizoea kufanya kazi na vifaa vyenye kasoro. Kwenye semina moja ya Morogoro alifundishwa kwamba sidii nzima inaweza kugeuzwa kuwa faili moja, yaani taswira yake, na kwamba ipo programu ndogo inayoiambia kompyuta kuwa ina mlango mwingine wa sidii. Mlango huo haupo. Lakini ukiipachika taswira humo, kompyuta inaamini imewekewa sidii ya kweli. Inaipa herufi yake, inaisoma na kuicheza kama kawaida. Magreth aliupenda utaratibu huo kwa sababu mlango usiokuwepo hauingiwi na vumbi.

Jumanne moja ya Februari mwaka 2006, saa nne kasoro, Urbanus, mtendaji wa kijiji cha Kidungwe, alipiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Urbanus. Karibu. Za huko nyumbani?"

"Huko kwema. Mzee wako hajambo, nimemwacha anapalilia mpunga."

Kidungwe ndiko alikozaliwa Magreth, mwendo wa kama saa moja kwa gari kuelekea Kilosa. Baba yake, Lupakisyo, alitoka Rungwe akiwa kijana kuja kukata mkonge. Mkonge ulipokufa hakurudi kwao. Yeye na wenzake, pamoja na familia za bondeni zilizokuwapo kabla hata ya mkonge, waligawana mapori yaliyoachwa wakalima mahindi na mpunga. Sasa kampuni moja iliitaka ardhi hiyo yote, kuanzia mtoni hadi reli.

Urbanus alitoa flashi mfukoni, imefungwa ndani ya leso. Alieleza kwamba kampuni ilikuwa imerekodi mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia kutoa ardhi. Sidii yenyewe ilibaki Dar es Salaam, ila wametuma taswira yake. Alihitaji picha kumi kutoka humo zichapwe, aziambatanishe na muhtasari na kuzifikisha Kilosa kabla ya Ijumaa.

Magreth alinakili faili, akalipachika. Herufi F ikatokea. Akafungua.

Watu walikuwa wameketi kwa mistari kwenye uwanja wa ghala la zamani la mkonge. Sauti ya mtu asiyeonekana ikasema, "Wanaoridhia, wanyooshe mikono." Mikono yote ilipanda mara moja, ya kulia, imenyooka, kama darasani. Wakati huohuo mkono wa kulia wa Urbanus, aliyekuwa ameketi kwenye stuli kando ya meza, nao ukapanda ukabaki juu. Magreth alikuwa amemletea maji ya kunywa. Urbanus aliichukua bilauri kwa mkono wa kushoto.

"Unanyoosha mkono," Magreth alimwambia.

"Ndiyo, mama. Ukishafunga utashuka. Na mimi nimo, mstari wa kwanza."

Picha ilitambaa kutoka mstari hadi mstari. Katika wa tatu Magreth alimwona baba yake, ndani ya koti lake la kijivu, mkono juu. Pembeni yake alikaa mama yake, Regina, naye mkono juu. Regina alifariki mwaka 1999 akazikwa ukingoni mwa jaruba la mpunga. Alikuwa amejifunga khanga aliyozikwa nayo. Kola ya blauzi ilikuwa imejikunja kwa ndani, na Magreth alitamani kuingiza mkono aiweke sawa.

"Mama yangu naye alihudhuria," alisema.

Urbanus aliinama akatazama. "Jina lake bado limo kwenye daftari la wakazi. Wote waliomo kwenye daftari wamehudhuria."

"Mkutano wenyewe ulikuwa lini?"

"Imeandikwa tarehe kumi na saba Januari."

"Sijauliza kilichoandikwa."

Urbanus alishusha bilauri taratibu. "Tarehe kumi na saba mimi nilikuwa Morogoro, mama, naugua. Muulize mke wangu. Lakini ninajiona humo, na nimevaa shati langu. Nitamwambia nini mtu wa Kilosa?"

Magreth aliigeukia kompyuta. Alichagua picha kumi zilizotulia, akazichapa. Printa ilikuwa nzito, kazi ikachukua dakika hamsini. Alipoichomoa taswira, mkono wa Urbanus ulishuka wenyewe. Akaukunja na kuukunjua mara mbili, akashukuru, akaenda zake.

Alhamisi baba yake Magreth alifika Mikumi juu ya lori la mbao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutafuta dawa ya kuchua." Aliketi, akalishika bega lake la kulia. "Juzi nilikuwa jarubani. Mkono ukapanda. Nikauvuta kwa huu mwingine, wapi. Umekaa huko juu kutoka saa nne hadi saa tano. Na si mimi peke yangu, Mage. Bonde zima. Tumesimama kwenye matope kama watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Ni mimi, baba," Magreth alisema. "Njoo nikuoneshe."

Alipachika taswira. Mkono wa mzee ulipanda, naye hakuushughulikia. Macho yake yalikuwa dhaifu, hivyo alisogeza stuli hadi pua ikakaribia kioo. Ulipofika mstari wa tatu alisema, "Simamisha." Magreth alisimamisha. Mzee alimtazama mkewe muda mrefu. Kisha alimwambia maneno machache ya Kinyakyusa, ambayo Magreth aliyaelewa ila akajifanya anatafuta karatasi.

"Mimi sikwenda kwenye mkutano wowote," mzee alisema baadaye. "Ningekwenda nikamkuta, ningerudi naye nyumbani."

Siku ile hakuondoka, wala kesho yake. Ikawa kila alasiri, wakishakula na vyombo kuoshwa, anavuta stuli na kusema, "Haya, Mage." Magreth anapachika, anasimamisha mstari wa tatu, anamwachia chumba. Kutoka jikoni alimsikia akimpa Regina habari za miaka saba: paa lililobadilishwa, mbuzi waliokufa, nani ameoa nani, mafuriko ya mto. Regina hakujibu. Alitazama mbele, mkono juu, na mumewe alitazama upande wake, mkono juu. Siku nyingine walikaa hivyo hadi jua lilipozama nyuma ya milima.

Magreth alijua kilichokuwa kikiendelea Kidungwe saa hizo. Alijua, na kila alasiri aliifungua.

Wiki ya pili Joha alikuja. Alikuwa jirani yao wa Kidungwe, rika la Magreth, mtoto wa watu wa bondeni. Alikuwa amembeba mjukuu wake wa miaka miwili, na paja la mtoto lilikuwa limefungwa bendeji hadi gotini. Alimwamkia mzee, akapewa mkeka, akakataa chai.

"Dada Magreth, asubuhi tumeshazoea," alisema. "Asubuhi ni watu wa ofisi. Wanaanza saa tatu, saa nne na nusu wanakwenda kunywa chai, mikono inashuka, na sisi ndiyo tunachota maji na kubandika vyungu. Saa nane wanachoka, wanafunga. Hiyo tumeipangia. Lakini alasiri si ya ofisi. Alasiri naipua uji, mkono unapaa, uji unammwagikia mtoto. Nimekuja kuuliza tu, ni nani anayefungua alasiri?"

Mzee Lupakisyo alilitazama paja la mtoto.

"Ni mimi, binti yangu," alisema. "Nilikuwa na mama yake."

Joha alimweka mtoto vizuri mapajani. "Hajambo?"

"Hajambo. Ila hasemi."

"Mnisalimie," Joha alisema. "Lakini mnihurumie na mimi."

Alasiri ile stuli ilibaki ukutani. Asubuhi iliyofuata Magreth alifunga mlango akajaribu kuirekebisha taswira, ndani ya saa za ofisi, ili asiwaongezee watu mzigo. Alijaribu kumfuta mama yake kwenye mstari wa tatu. Alijaribu kukata ile sehemu ya mikono. Kila mara kompyuta ilimjibu kwa upole kwamba diski hiyo ni ya kusoma tu, haiandikwi. Alipojaribu mara ya nane akaacha, akafungua ukurasa mweupe, akaandika barua.

Barua ilisema kwamba mkutano haukufanyika, na kwamba baadhi ya waliomo kwenye picha ni marehemu, majina na tarehe zao za kufariki zikiwa zimeorodheshwa. Joha aliipeleka Kidungwe nyumba kwa nyumba. Watu mia moja tisini na sita walitia sahihi. Kwa kuwa Joha alizunguka nayo asubuhi, wote walisaini kwa mkono wa kushoto.

Magreth na baba yake waliipeleka Kilosa wenyewe. Waliketi kwenye benchi la ofisi moja ya huko tangu saa mbili, na mwenye ofisi alipowaita, saa tatu kasoro, alisimama kumpisha mzee kiti. Alikuwa mtu mpole, Anselmi kwa jina, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo mzee wangu. Poleni kwa kungoja."

Aliisoma barua yote bila kuruka mstari. Aligeuza ukurasa wa sahihi juu chini.

"Hizi zinafanana," alisema. "Kama zimeandikwa na mtoto mmoja."

"Wameandika kwa kushoto," Magreth alisema. "Wa kulia ulikuwa juu."

Anselmi alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa ugumu wa maisha ya vijijini. Kisha akakigeuza kiti kuelekea kompyuta. "Basi hebu tuthibitishe sote kwa pamoja."

"Tafadhali usiifungue," Magreth alisema.

"Mama yangu, siwezi kukataa ushahidi wala kuukubali bila kuuona. Mtasema nimewaonea."

Akafungua. Mkono wa mzee ulipanda. Anselmi alikitazama kioo, akamtazama mzee, akarudi kwenye kioo.

"Mzee, huyu wa mstari wa tatu si wewe?"

"Ni mimi. Lakini sikuwepo."

"Na huu mkono hapa, ofisini kwangu, ni wa nani?"

"Ni wangu. Lakini siunyooshi mimi."

"Na huyu mama aliyeketi karibu yako?"

Mzee angeweza kusema ni marehemu, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye barua, la tatu kutoka juu. Magreth alimwona anafungua mdomo na kuufunga. "Mke wangu," alisema mwishowe.

Anselmi aliandika kwa mwandiko mzuri, kisha akawasomea ili asije akawa amewakosea. Mlalamikaji alifika ofisini mwenyewe, akiongozana na bintiye. Alioneshwa ushahidi. Alijitambua na kumtambua mkewe. Aliulizwa, na akaridhia tena kwa kunyoosha mkono.

"Hakuridhia!" Magreth alisema. "Amekwambia kwa mdomo wake!"

"Mdomo nimeusikia, mama. Ila mdomo wa mtu hubadilika. Huu mkono niliuona kwenye mkutano, nauona na sasa." Aliisogeza karatasi kwa mzee aweke dole gumba. Mzee aliukunja mkono wake wa kushoto akauficha ndani ya koti. Anselmi hakukasirika. Aliichukua karatasi, akaiweka kwenye faili pamoja na barua. "Si lazima," alisema. "Huo ulioko juu unatosha."

Walivuka reli, wakapita soko, mkono wa mzee ukiwa bado juu. Mwuza ndizi mmoja alidhani anaitwa, akaja na beseni lake. Ulishuka walipofika kituoni, ilipotimu saa ya chai.

Walipokaribia Mikumi, tembo wawili wakionekana mbali upande wa mbugani, mzee alisema bila kugeuka, "Ukifika uifute."

"Baba, kufuta yangu hakutasaidia. Wanazo Kilosa, wanazo Dar. Na mama je?"

"Ndiyo hivyo. Wao hawawezi kumwona, hawamjui. Aliyekuwa akimwita pale kila siku ni mimi. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumnyooshesha mkono namna hiyo. Ifute."

Jioni hiyo Magreth alilichagua faili, akabonyeza. Kompyuta iliuliza kama ana hakika. Mzee alikuwa amekaa dirishani, anatazama malori. Ilichukua sekunde tisa.

Jumatatu moja ya Juni, saa tatu asubuhi, mikono ilipanda Kidungwe kama kawaida, na saa nne na nusu haikushuka. Haikushuka saa nane, wala kesho yake. Mahali fulani mtu alikuwa ameipachika taswira na kuondoka, au alikuwa amehamishwa idara, na kompyuta ikaachwa inawaka. Watu walingoja siku tatu, kisha wakaendelea na shughuli. Wanawake walipasua blauzi ubavuni wakaweka vifungo. Mpunga ulivunwa kwa kushoto, na mwingine ulipukutikia matopeni. Msikitini walisujudu kwa mkono mmoja. Katekista alisema ishara ya msalaba kwa kushoto inakubalika kwa kipindi hiki. Wapimaji walipokuja na rangi nyekundu waliandika kwenye ripoti yao kwamba wananchi wamewapokea vizuri, kila walikopita wameonesha kuunga mkono.

Agosti yalikuja malori saba. Mzee Lupakisyo, aliyekuwa angali anaishi kwa Magreth, alisema hawezi kuhamishwa akiwa kwa watu, akarudi Kidungwe akafunge nyumba yake. Magreth alimfuata. Karani wa kampuni alisimama juu ya kreti, akaita majina kutoka kwenye orodha, picha zile kumi zikiwa zimebanwa nyuma yake. Kwa kila jina alitafuta mkono, akaweka alama.

"Regina Lupakisyo."

"Huyo yuko pale," mzee alisema, akaelekeza kwa kidevu kwenye ukingo wa jaruba, palipokuwa na msalaba wa saruji. "Mnamwacha."

Karani alitazama palipoelekezwa. Kisha akafunua picha, moja baada ya nyingine, hadi alipoipata aliyoitaka. "Hapa amenyoosha," alisema, akaweka alama, akaita jina lililofuata. Hadi adhuhuri alikuwa amepata idadi kamili, watu mia nne na kumi na wawili, hakupungua hata mmoja.

Walipanda kwa kusukumana, kwa sababu kila mtu alikuwa na mkono mmoja tu wa kushikia. Joha alimpokea mjukuu wake kwa meno, kwa ncha ya khanga, hadi mtu mwingine alipomdaka. Nyuma yao trekta la kwanza lilikuwa limeshaingia kwenye jaruba, na dereva wake, mgeni, aliuzunguka msalaba mara moja, akasimama, akashuka kuuliza, akapanda tena.

Malori yalipita Mikumi saa tisa. Watu walikuwa wanapelekwa mbali, upande wa Ruaha, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Magreth alikuwa amesimama ndani ya lori la tatu, amemkumbatia baba yake kiunoni asianguke. Karibu na kituo cha mafuta msafara ulisimama kulipisha basi la Mbeya linalotoka. Abiria waliona malori saba yamejaa watu, wote mikono juu. Wakafungua madirisha, nao wakanyoosha ya kwao wakaipunga. Mtoto mmoja alipiga kelele za furaha.

"Nani hao?" mzee aliuliza. Macho hayakumfikisha.

"Wasafiri, baba."

"Wanatuaga?"

"Wanatusalimia."

Mzee alifikiri. "Basi tuwaitikie," alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka hadi mwisho, na hakukuwa na zaidi ya hapo la kufanya.